Mwendo wa Ngamia hadi Mutsamudu

Jumatano, 2 Juni 1976
Binti aitwaye Hayati amekuja barazani kwangu, Magoudjou, hapa Moroni, pamoja na mchumba wake Ridjali. Anataka kuolewa, lakini baba yake, Idarousse, yuko Mutsamudu, kisiwa kingine, na hajibu. Hakatai — hajibu. Swali: baba huyo yupo au hayupo? Vitabu havina shaka. Baba, ndiye walii wa binti, akiwa mbali kwa marhala mbili, yaani mwendo wa ngamia wa siku mbili, kadhi humwozesha binti badala yake. Kwa ramani waliyotuachia Wafaransa, Mutsamudu imepita hapo. Ngamia hatuna. Haidhuru, masafa ni masafa.

Ijumaa, 4 Juni
Nimewaozesha baada ya sala. Houssen, muuza nguo wa soko la Volo Volo, hakuweza kunyamaza. Kwamba yeye hunywa chai Moroni, hupanda ndege, na akishuka upande wa pili tangawizi bado iko kooni. Nusu saa! Baba wa nusu saa anakuwaje ghaibu?

"Sheria hupima ardhi, Houssen. Haipimi injini."

"Ardhi ipi, Kadhi? Hapo katikati ni maji matupu."

Watu walicheka. Hata hivyo jibu langu lilikuwa zuri.

Jumatatu, 14 Juni
Houssen amerudi kutoka Mutsamudu na salamu za kadhi wa huko, niliyesoma naye Unguja. Hukumu yangu imemfurahisha mno. Ataitumia Ijumaa hii. Kwa nani? Houssen alikunja upya kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Kwa binti yangu. Moinafouraha, muuguzi wa hospitali ya Hombo, huko huko Mutsamudu — na Ibouroi, mpiga gitaa! Kijana huyo alileta posa tangu Maulidi. Sikumkatalia. Nilikuwa nikitafakari.

Jumatano, 16 Juni
Hakuna kiti cha kwenda Mutsamudu kabla ya Ijumaa. Ndege ni moja, mafuta haba, na vijana wa kamati za serikali wamechukua viti kwa ajili ya mikutano yao. Redio inasifu harusi zisizo na gharama. Hii itaokoa hata gharama ya baba. Nimewaza kutengua hukumu: kutamka kwamba ndege imeyafuta masafa, hivyo mimi nipo. Lakini nikiwapo mimi, Idarousse naye alikuwapo. Hayati akaingia — siri na Houssen hawalali nyumba moja. Alisimama mlangoni.

"Kadhi, niambie tu. Mimi ni mke, au ninakaa na mwanamume?"

Nilimwambia arudi nyumbani. Sikusema kwa nani.

Alhamisi, 17 Juni
Uwanja wa ndege. Nimepewa kiti cha kijana aliyeugua. Rubani ameingia kwenye injini hadi mabegani. Karani ananifariji: nusu saa tu, Kadhi, ikiruka. Isiporuka leo, kesho nitachagua: nizikubali ndoa zote mbili, au nizibatilishe zote mbili kwa ulimi wangu.

Hayati amekuja na kikapu cha mikate, nimpelekee baba yake. Ameuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Mutsamudu ni mbali. Foleni nzima imegeuka, Houssen wa kwanza.

Nimesema natafakari.