Habari za Mchumba wa Nasima

Eastleigh, Nairobi
Ijumaa

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai barua hii itakukuta goti limetulia, na Mama hakuchoshi kwa zile dawa zake za kusaga. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umenihama. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako hupokewa na mdogo wangu Nasima, na haya si ya yeye kuyasikia kabla yako. Isome ukiwa peke yako.

Uliniagiza nimchunguze Fahim, maadamu tunafanya kazi meza kwa meza, nikuletee habari kabla hujatoa jawabu la posa yake kwa Nasima. Loo, Baba, mimi wa kuagizwa kushuku watu? Kazini huniita karao, yaani polisi. Wanasema mtu akinisalimia kwa bashasha namuuliza anataka nini. Basi nikaanza. Swala hazimpiti, hana mdomo mchafu, akinunua chai hununulia wote. Wema wote huo ndio ulionitia wasiwasi, nikasema huyu ana lake jambo.

Kwenu alisema alikuwa na mke hapa Nairobi, akampa talaka moja, eda ikaisha. Nilipomuuliza huyo bibi yu hali gani, alijibu kwamba walishamalizana, akageukia kompyuta yake. Jibu fupi vile sikulipenda.

Sasa vumilia nikueleze jambo la kazini. Sisi huandika draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kuzungumza na mtandao. Mashine zetu ziko madukani na majumbani, nyingi huko Njiru. Majuzi zikaanza kuzima ghafla, wateja wakawa wanapiga simu kututukana. Bosi wetu, Githinji, akaapa kwamba kuna mtu wa ndani anatuhujumu. Nami, Mungu anisamehe, nikamtazama Fahim. Nikaipitia kazi yake mstari kwa mstari.

Hujuma sikuiona. Nilichoona ni hiki. Mashine ikitaka kukata mawasiliano na mwenzake, hutuma ujumbe wa kuagana, kisha yapasa ingoje mwenzake ajibu kwamba naye amemaliza, ndipo ifute nafasi aliyowekewa. Jibu haliji papo hapo. Huja wakati wake. Fahim hakungoja jibu. Alijiwekea muda tu, ukiisha anafuta kila kitu na nafasi anampa mwingine. Hapa ofisini jibu huwahi, mambo shwari. Njiru laini zimejaa, jibu linachelewa, likifika linamkuta mgeni kwenye nafasi ile, na mashine inavurugikiwa na kuzima. Nilipomwonyesha alishtuka kweli. Alisema alidhani ule muda unatosha. Akarekebisha, Githinji akafurahi, na mashine zimetulia.

Mimi sikutulia. Neno lile, muda unatosha, lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Tukiwa kwenye chai nikamuuliza, nikijifanya natania, alijuaje eda ya mkewe imeisha. Akasema alihesabu miezi mitatu kwenye kalenda. Talaka yenyewe aliituma kwa ujumbe wa simu, kisha akahama mtaa na kubadilisha namba ili kuepuka maneno. Yaa Rabbi! Hata kumuuliza hakumuuliza.

Wewe ndiye uliyetufundisha, Baba, kwamba mwenye kuijua eda ni mwanamke. Kesho yake nikaenda Kariokor, kwa maana Fahim aliwahi kutaja kwamba mkewe, Kibibi, hushona viatu vya ngozi huko. Niliulizia kibanda kwa kibanda nikijifanya mnunuzi, hadi nikaonyeshwa. Nilimkuta ameinamia kiatu, na kilichomzuia kuinama vizuri ni tumbo. Baba, Kibibi ana mimba, na siku zake zimekaribia.

Mtoto ni wa Fahim. Wanijua nilivyo, nilimhoji hadi nikajionea haya. Mimba ilikuwapo tayari siku ya talaka, ila mwenyewe alikuwa hajajua. Alipojua aliipigia ile namba ya zamani mpaka akachoka. Fahim hana habari hata leo. Kumbe eda haitaisha mpaka mtoto azaliwe, na Kibibi bado ni mke wa kurejewa, huku bwana mwenyewe ananiuliza Nasima hupenda rangi gani.

Nimempa Kibibi namba mpya ya Fahim. Ameniomba nimwachie amwambie mwenyewe, nami nimekubali. Kwa hiyo, Baba, nakusihi usitoe jawabu la posa. Sikumkuta na uovu, na hilo ndilo linaloniumiza. Laiti angekuwa mwovu ningemtukana nikalala. Nasima anampenda. Nimelia kwa ajili yake tangu jana, na sijui utamwambiaje.

Nisalimie Mama, na majirani wote wanaoniulizia. Salamu za Nasima ziweke mpaka umweleze, kwa kuwa si zangu pekee. Nilipoinuka kuondoka, Kibibi aliniuliza mimi ni nani hata nimtafute hivyo. Nilishindwa kumdanganya, nikasema mimi ni dada wa mchumba. Aliichomeka sindano kwenye ngozi. Kisha akauliza mdogo wangu anaitwa nani, akaniambia nimsalimie, na nimwambie kwamba yeye, Nasima, hajamkosea.

Mwanao akupendaye,
Hayat