Rungu la Baba Linarudi Nyumbani

Chang'ombe, Dodoma

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Magoti yako yamepoa, au bado unapanda kitanda kama unapanda mlima? Shemeji anaendeleaje, na maharage yameiva? Huku mvua ilinyesha siku tatu ikachoka, mtama umebaki kimo cha mbuzi. Mimi ni mzima kama chuma cha reli, nakula, nalala, naheshimika.

Barua yako imefika. Unasema umesikia kwa abiria wa treni kwamba nimemvunja kijana mkono, na kwamba Ramadhani humleti tena akae kwangu ajifunze kuchomelea vyuma katika karakana za huku, maana huwezi kumkabidhi mwanao kwa mtu anayevunja watoto wa wenzake. Dada, soma mpaka mwisho ndipo uamue. Unanijua, uongo siuwezi.

Kazi yangu ni ile ile ya kulinda zahanati. Tangu mambo yawe ruksa na watu waanze kuchangia matibabu, geti limekuwa vita, na vita inataka jemadari. Nikaweka sheria yangu mwenyewe. Kijana hapiti mpaka aniambie anaumwa nini, kwa sauti, foleni nzima isikie. Niliamini mwenye ugonjwa wa kweli haoni haya. Wengi waligeuka, wakaenda kununua vidonge madukani na kumeza kwa kubahatisha. Nikajisifu kuwa geti langu halina fujo.

Siku hiyo, jua la utosi, wakaja vijana wa karakana za Kizota wamembeba mwenzao Elia juu ya bati. Jiwe la mashine ya kukatia chuma lilipasuka likamwingia pajani. Walikuwa arobaini. Haya, tuseme kumi. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye mikunjo ya bati kama maji ya paa.

"Mzee, fungua!"

"Anaumwa nini?"

"Huna macho?" akasema Yona, fundi wao wa milango ya chuma. "Au nyie Wanyamwezi mnaona kwa masikio?"

Unajua utani wetu na Wagogo, siku nyingine ningecheka. "Kadi yake ya matibabu iko wapi? Na aseme mwenyewe."

Elia hakuwa na sauti ya kusema. Yona akashika komeo. Nikateremsha rungu, lile la mninga alilonichongea marehemu baba. Dada, ule mkono ulilia kama ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti. Kijana wa pili nikampata begani. Wa tatu nikampata mdomoni, na jino lake nililikuta baadaye ndani ya kiatu changu, wallahi. Na wao walinipiga. Mmoja aling'ata sikio langu, mwingine akanitia bomba la chuma mgongoni nikaona nyota mchana. Sikuanguka. Geti halikufunguka.

Wakamrudisha Elia karakana, wakamkaza paja kwa mpira wa baiskeli. Kesho yake ndipo walipopata gari la kumfikisha hospitali kubwa. Mguu ukakatwa karibu na nyonga.

Wakarudi, na safari hii hawakuwa na mgonjwa. Mawe yalinyesha kuliko mvua ya mwaka huu. Walivunja vioo vyote, wakang'oa geti pamoja na bawaba zake, wakanikokota kwa miguu mpaka kwenye tangi la maji. Shati langu la kazi lilibaki kola. Mmoja alikwishainua tofali juu ya kichwa changu. Nilimtazama machoni, akatetemeka. Hapana dada, niliyetetemeka ni mimi.

Ndipo akatoka mganga wetu, Mama Agnesi, mwanamke mfupi, kioo kimemkata, damu imemjaa kwenye paji la uso. Ana daftari mkononi.

"Mkimuua huyu kesho mtatibiwa wapi? Semeni mnataka nini, naandika."

Mwenye tofali akaliweka chini. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kamati ya zahanati ilikuwa ya wazee watupu. Mama Agnesi akawaambia waongeze vijana wanne, na wiki iliyofuata tukakaa kikao uani, mimi benchi la mwisho, nimefungwa bendeji kama mtoto wa tohara. Vijana wakataka mlango wa mganga uwekwe pazia, na zahanati ikae wazi jioni karakana zikifungwa. Kisha akasimama Nyemo, binti anayeuza maji kwa ndoo.

"Mimi nilikuja na mimba, navuja damu. Yule pale akaniuliza mbele ya foleni, 'Mume wako nani?' Nikarudi nyumbani. Mtoto nilimzika mwenyewe."

Dada, nilitafuta uso wake kichwani mwangu, sikuuona. Simkumbuki kabisa.

"Afukuzwe!" wakasema. Mzee mmoja akataka kunitetea, nikamwambia akae.

Yona akainuka, mkono umening'inia shingoni. "Akifukuzwa atakwenda kukaa geti lingine. Abaki. Rungu litoke. Akae pale pale, afungue, na atuone tukiingia, mmoja mmoja."

Ndivyo ilivyoandikwa. Sasa nakuambia, nchi nzima hakuna mlinzi mwingine anayelinda bila fimbo. Jana Elia alikuja kwa magongo mawili, nikafungua. Hakunisalimu. Sikumuuliza kitu.

Yona amesema Ramadhani akija atamfundisha yeye, mkono ukipona. Mimi sikumwomba. Sasa amua.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, shangazi mwenye kilabu, na mwalimu wangu wa darasa la nne, mwambie bado naandika. Anayekuletea barua hii amebeba na kifurushi kirefu. Ni rungu la baba. Litumie kupura maharage. Kichwani lina ufa, pale ndipo lilipokutana na mkono wa Yona. Ramadhani akikuuliza, mwonyeshe.

Mdogo wako, wa getini bado,
Saidi