Mluzi Kwenye Rweya

Kambini, juu ya Kagoma
Jumapili, baada ya rozari

Mdogo wangu Paskazia,

Waitu, nakusalimu wewe na nyumba ya mama uliyobaki unaitunza. Mgongo umekubali kunyooka au bado unakuinamisha? Jiko halivuji? Mimi mzima, na ukisoma mpaka chini utajua neno hilo mzima nimelitolea jasho.

Naandika kwa mkono wangu, darasa la pili la zamani, ambalo ni sawa na kidato cha nne cha leo. Simu sikutaka. Hapa mtandao mpaka upande jiwe, halafu simu yako inashikwa na wajukuu, wanaweka sauti ya nje, na jambo hili si la kusikilizwa na Kitendaguro nzima. Barua anakuletea Sadiki, dereva wetu. Mpe chai, lakini usimuulize kitu.

Kwanza kambi. Tuko watano: Injinia Neema, binti wa Dodoma, ndiye mkubwa wetu, wapimaji wake wawili wa barabara, Sadiki, na mimi mpishi. Kila mtu na hema lake. Hapa ni rweya tupu, hakuna mgomba hata mmoja, nyasi na mawe mpaka macho yanachoka.

Siku ile tunafika Injinia alituuliza, "Kuna mwenye ugonjwa nijue mapema? Sukari, kifafa, pumu? Hospitali ni mbali, semeni sasa."

Nikamjibu, "Mama, kifua hiki kimebeba magunia ya kahawa kutoka Buganguzi baba yako hajazaliwa."

Sadiki akadakia, "Babu, ulibeba gunia au gunia lilikubeba?"

Wakacheka wote, na katika kicheko hicho uongo wangu ukapita. Ile pampu ya kuvuta uliyonifungia kwenye soksi niliifukia kwenye gunia la vitunguu, maana jikoni kwangu hakuna anayeingiza mkono. Moshi nilikuwa naukwepa kwa kukaa upande upepo unakotoka. Nikikohoa nasema ni pilipili. Wiki tano, Paskazia, hakuna aliyejua. Nani mwingine angeweza?

Tena nilikuwa nawapa hadithi wakati wa kula. Niliwaambia huku rweya mtu akikuita kwa jina, itika. Kitu kikikuita kwa mluzi, nyamaza, maana hicho hakijui jina lako na kinataka ulitaje mwenyewe. Nilitunga tu. Niliona wanavyosogeleana nikafurahi.

Sasa jana. Injinia alisema Jumatatu wakubwa wake wanakuja kukagua. Nikatazama hema la mikutano, chini ni turubai tupu. Mgeni wa heshima akanyage turubai, na Mhaya yupo? Saa tisa alasiri nikachukua mundu nikaenda kukata nyasi za kutandika, kama mama alivyokuwa akitandika kila Jumamosi. Najua ungesema nyasi hizo hizo ndizo zilizomla mama kifua. Ndiyo maana sikukuuliza.

Nilikata mzigo ambao vijana wawili wasingeuinua. Lakini nyasi zilikuwa zimechanua, vumbi lake likaniingia puani mpaka kooni. Nainuka, kambi haipo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani bila upepo wowote, umefuta mahema, umefuta mawe, umefuta hata miguu yangu. Na kifua kikafunga. Unakijua kifua chetu, hewa inaingia halafu inakataa kutoka. Nikakaa chini.

Kambi haikuwa mbali, nilisikia mfuniko wa sufuria yangu. Sadiki akaita, "Babu! Babu Rwegasira! Njoo, maharage yanaungua!"

Nikafungua mdomo niitike. Sauti haikuja. Kifua tu kikapiga mluzi.

Mfuniko ukaacha kugonga.

"Umesikia?" mpimaji mmoja akauliza.

"Usijibu," Sadiki akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Mzee mwenyewe alisema tusijibu."

Nikapiga mluzi tena, nawaomba. Nikasikia zipu za mahema zinafungwa, moja, ya pili, ya tatu. Injinia alikuwa bado juu kwenye jiwe la mtandao.

Hapo ndipo nikasikia mluzi wa pili. Nilidhani ni wangu. Nikabana ile pumzi kidogo niliyokuwa nayo, nikatulia kama jiwe. Mluzi ukaendelea. Ulipanda mara mbili, ukakatika, ukashuka mrefu. Na pamoja nao nyasi zinasuguana, kama mtu aliyebeba mzigo mpana kichwani unaogusa huku na huku.

Paskazia, sisi tulikuwa tunamsikia mama kabla ya kumwona, akirudi kutoka rweya, wewe unakimbilia mlango, mimi nachota maji. Kifua kile nakijua kuliko kengele ya kanisa. Na mama tulimzika kibanjani, chini ya migomba yetu ya nyumbani, kaburi nililichimba mimi, hakuna mtu Kitendaguro aliyewahi kuchimba kuta zilizonyooka vile. Sasa Kagoma anafanya nini?

Alinipita. Mtu sikumwona. Nyasi za mkono wangu wa kulia zililala, kisha za mbele. Hakusimama. Na mimi kwa kuwa sikujua kambi iko wapi, nikamfuata kwa magoti, yeye mluzi, mimi mluzi, mpaka kichwa kikagonga tairi la gari.

Injinia ndiye aliyenikuta, anashuka kwenye jiwe. Hakukimbia.

"Babu, una pumu?"

Nikatikisa kichwa ndiyo, nikaonyesha gunia. Akavimwaga vitunguu vyote chini, akaitikisa pampu, akanikalisha wima. Nikavuta, tukangoja, nikavuta tena. Hewa ikarudi pole pole, kama mgeni anayeona aibu.

"Ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo."

"Ungekufa hatua ishirini kutoka kwenye maharage yako."

Alitaka nirudi Bukoba leo hii na Sadiki. Nikamwuliza wakubwa wake watakula nini kesho, ramani? Tukavutana mpaka akakubali, kwa masharti. Pampu naivaa shingoni kwa kamba. Napikia gesi, kuni basi. Nyasi sigusi, peke yangu siendi popote, na kila mtu amefundishwa kunishikia hiyo dawa. Nimekubali, si kwa woga, ni kwa sababu alisema mbele ya watu kwamba hajawahi kula ndizi za bitoke kama zangu.

Lakini Sadiki, alipokuwa anatawadha kwa sala ya magharibi, aliniuliza kwa chini, "Babu, kule mlikuwa wangapi?"

"Peke yangu."

"Sisi tulisikia miluzi miwili. Mmoja uliishia kwenye gari. Mwingine ukapita katikati ya mahema, ukashika njia ya Bukoba."

Usiku huo akalala garini. Ndiyo maana nasema usimuulize.

Nisalimie mkwe wangu, mama wa hao wajukuu wa simu. Nisalimie jirani anayenilindia mibuni, mwambie matawi makavu ayakate, asisubiri kuambiwa. Na katekista, mwambie rozari yake haijakatika.

Nimebaki na jambo moja. Mtoto wake amekaa chini hana pumzi, kwa nini mama hakusimama? Sitaki kusema alikasirika. Nasema alikuwa na pumzi ya kufika tu, angesimama asingeweza kuanza tena. Njia ya Bukoba hadi nyumbani kwake ni ndefu na ana mzigo kichwani. Ukisikia kitu uani, usiulize nani. Fungua.

Akishafika, niandikie. Kama hajafika usiandike kitu, nitajua bado yuko njiani.

Ni mimi kaka yako, niliyekutangulia tumboni mwake,
Rwegasira