Ukija Göteborg, Njoo na Soksi Nzima

Göteborg, mwishoni mwa Mei

Mdogo wangu mpenzi Nélida,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limetulia, na baridi ya huko kwetu Coquimbo haijaanza kukusumbua kifuani. Mimi sijambo. Macho yanachoka mapema, lakini miguu bado inanitii, na maua ya zambarau yamefunguka hadi uani kwetu.

Nimefurahi kusikia umekata tiketi. Umeniambia pia kwamba umenipakia rangi chumba cha upande wa bustani, na kwamba ukiondoka huku tutaondoka sote, kwa kuwa tangu mume wangu Ramiro afariki huoni sababu ya mimi kuzeeka miongoni mwa watu wasionijua. Hilo nitalijibu, usidhani nalikwepa. Kwanza acha nikueleze namna ya kukaa na mji huu, maana mimi nilifika hapa nikiwakimbia wanajeshi waliopindua serikali kwetu, na hakuna aliyenieleza lolote.

Mwavuli uache. Mvua ya hapa haidondoki, inakuja ubavuni pamoja na upepo wa bahari. Torsten, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, anasema mwavuli ndio alama ya kumtambulia mtu wa Stockholm, mji mkuu. Lete koti lenye kofia. Na soksi nzima, tafadhali, kwa sababu viatu huvuliwa mlangoni. Mara ya kwanza kualikwa, kwa mwalimu wangu wa lugha, nilikaa sebuleni nimekunja kidole gumba cha mguu kilichochungulia kwenye tundu la soksi, tangu supu hadi kahawa.

Ukiitwa saa nane, fika saa nane. Ukiwahi, zunguka mtaa. Utawakuta wageni wenzako nao wanazunguka, maua mkononi, wakijifanya hawajuani. Kwenye tramu usiketi kando ya mtu kama viti vingine viko wazi. Atadhani una shida. Kwa muuza samaki chukua namba kwanza, la sivyo utasimama mpaka wafunge, na watu watakusikitikia kimyakimya. Nunua kamba waliochemshwa na maganda yao, kaa kwenye ngazi za mfereji, uwamenye kwa mikono. Jihadhari na shakwe, wale ndege weupe wa baharini. Walimpokonya Torsten mkate mzima mbele yangu, akawaambia kwa adabu wakaribie tena.

Siku ya jua panda tramu hadi mwisho wa njia, Saltholmen, halafu boti ya visiwani. Ukiona watu wamelala juu ya miamba, macho wamefumba, usiulize kuna nini. Lala nawe. Maji yanakata pumzi: ingia haraka, toka haraka, kisha kahawa. Mimi huoga humo mpaka Oktoba. Najua utasema nimerukwa na akili. Torsten alisema hivyo hivyo, kesho yake akaja na taulo lake.

Utakuwa umeona jina hilo linajirudia. Basi sikiliza.

Watu wa hapa hawapendi kukutana na jirani kwenye ngazi. Si dharau, wanaona haya kumlazimisha mtu kuongea asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kutoka mtu husimama nyuma ya mlango wake, akisikiliza, akingoja ngazi ziwe tupu. Miaka mingi niliwacheka, kisha nikajikuta nafanya vivyo hivyo. Majira ya baridi ya mwaka juzi nikaanza kuchelewa kwaya kila Alhamisi. Nasikia kitasa cha jirani, nangoja atoke. Hatoki. Nangoja tena. Kumbe naye amesikia changu, anangoja nitoke mimi. Alhamisi moja nikachoka, nikafungua mlango kwa nguvu, na wakati uleule akafungua wake. Tukatazamana, makoti mwilini. Akaniuliza kama nami huchelewa. Nikamwambia nachelewa kwa sababu yake. Akasema wenzake wa karata wamekwisha kumpa mwingine kiti chake, kwa hiyo angalau nimwambie kama hiyo kwaya inastahili hasara yote hii. Nikamjibu aje asikie mwenyewe. Nélida, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu Ramiro aondoke sikuwa nimecheka hivyo. Torsten akaja kwaya. Anaimba kama honi ya feri kwenye ukungu, nao wamempanga nyuma kabisa, kwa heshima.

Sasa jibu lako. Sirudi nawe, mdogo wangu. Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kufika, mimi na Torsten tunafunga ndoa kanisani, kisiwani Styrsö. Niliogopa kukuandikia, kwa vile chumba umekwisha kukipaka rangi, na nilihofia utasusa kuja. Bila wewe furaha hii ingekuwa nusu.

Kila mmoja atabaki kwake, mlango kwa mlango, kama wafanyavyo wazee wengi hapa. Yeye amekiri kwamba anakoroma, na vitabu vyangu vimefika hadi kitandani. Usidhani nimemsahau Ramiro. Picha yake iko mezani, na Torsten ndiye huipangusa vumbi huku akimpa matokeo ya mpira. Wala Coquimbo sijaisahau. Bado naota harufu ya mwani na mkate wa jioni. Lakini unaposema watu wasionijua, hapo umekosea. Hapa kuna mtu anayeujua mlio wa kitasa changu.

Kuna desturi moja bado. Huku bibi harusi huingia kanisani na bwana harusi, bega kwa bega. Hakuna wa kumkabidhi bibi harusi kwa mume, maana wanasema mwanamke si kifurushi. Nimemwambia mchungaji ni maneno mazuri, ila mimi nitaingia na mdogo wangu. Akakuna kichwa. Torsten akamwambia asijisumbue, mama huyu akishaamua kutoka mlangoni hazuiliki. Basi njoo, Nélida. Ulitaka kunishika mkono unipeleke nyumbani. Nishike, unipeleke altareni.

Wasalimie wa mtaani kwetu waliobaki. Kabla hujapanda ndege, pita makaburini uwape wazazi wetu habari hii. Baba atacheka. Mama atauliza kama bwana harusi anakula vizuri, mwambie anakula.

Nakukumbatia na kukungoja,

Dada yako,
Elvira