Kufuli Jekundu la Msahau

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikiwa nimeinuka kitini kama ulivyotufunza, ingawa humu chumbani hakuna wa kuniona isipokuwa makoti yetu mawili yaliyoning'inia mlangoni. Magoti yako yanasemaje? Bado unawaficha wenzako wodini kwamba yanakuuma, wasije wakakuhamishia mapokezi? Na ile mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji imepona, au mngali mnainjika sufuria kwenye jiko la mkaa nyuma ya wodi?

Mimi kwa mwili sijambo. Chakula kinapita, baridi imeanza lakini haijanishinda. Najua umeshangaa kuletewa bahasha na mwenzetu huyu anayekuja likizo, wakati simu ninayo na vocha haijaniishia. Kwenye simu ungenikatiza, Shangazi, tena ungenikatiza kwa wema, na wema wako ndio nisiouweza kwa sasa. Dhumuni la barua nitalifikia. Nivumilie nikizunguka kidogo, kama wale wagonjwa wako wanaoanza kueleza mafua ilhali kilichowaleta ni jipu.

Nianze na mwanao, maana najua macho yako yanaruka mistari yakimtafuta. Msahau hajambo. Nyuzi zimetolewa na kidonda kimekauka. Kidole cha pete ndicho hicho daktari alishindwa kukiokoa, kama alivyokwambia mwenyewe. Cha kati kimebaki, ila hakikunjiki vizuri. Kwa kuwa ni mkono wa kushoto, anaandika na kuchora kama kawaida. Kinachomtesa ni vifungo vya shati na kamba za viatu. Kazi hiyo nimeichukua mimi. Kila asubuhi yeye hukaa ukingoni mwa kitanda, mimi hupiga goti mbele yake nikamfunga viatu, naye hunitania kwamba hatimaye amepata mtumishi mwenye elimu ya juu.

Jina la Msahau ulimpa mwenyewe, siku ile ulipomtuma dukani akarudi bila sukari na bila viatu. Huku nako limemfuata. Mwezi wa kwanza alisahau koti kwenye basi, akasahau miwani maktabani, na siku moja alikwenda kwenye mtihani wa chumba cha jirani, akakaa, akaanza kujibu maswali ya ujenzi wa madaraja mpaka msimamizi alipomgusa bega. Ufunguo wa chumba chetu naushika mimi. Ulinipa kazi hiyo wewe, pale uwanja wa ndege, uliposema nimshike mkono mdogo wangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa na ndiye mwenye akili zilizotulia. Nilivimba kichwa kwa maneno yale, sikufichi.

Masomo yenyewe ni magumu lakini yana raha yake. Mwaka wa kwanza tulifungiwa darasani na hesabu za nguvu na joto, mpaka tukajiuliza kama uhandisi wa mitambo una mitambo kweli. Mwaka huu tumefunguliwa karakana. Ni jumba kubwa lenye sakafu ya kijivu iliyochorwa mistari ya njano, na ukiingia asubuhi unapokewa na harufu ya mafuta na chuma baridi. Anayeisimamia ni mzee mfupi aliyefunga miwani kwa uzi shingoni. Sisi wawili tulimwita Baba Kufuli, na sababu ni hii.

Siku ya kwanza alimpa kila mwanafunzi kufuli jekundu lenye picha yake na ufunguo mmoja tu. Akatueleza kwamba yeyote anayetaka kutia mkono kwenye mashine, awe anaisafisha au anaitengeneza, azime kwanza swichi iliyoko ukutani, kisha aitie kufuli lake. Likiwa pale, hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kulifungua, hata awe mkuu wa chuo. Funguo za akiba zilikuwa ofisini kwake, ndani ya bahasha zilizopigwa lakiri. Msahau alipotabasamu, mzee akamwambia, “Hili si kufuli la mashine, kijana. Ni la uhai wako, na uhai hauazimwi.”

Tulicheka sana tulipofika chumbani. Shangazi, sisi tumekulia nyumba ambayo ufunguo wake ulikaa chini ya chungu cha maua na mtaa mzima ulijua. Jirani aliingia akachukua chumvi yako, akakuachia vitunguu, ukarudi kazini ukakuta na vyombo vimeoshwa. Kwetu sisi ufunguo wa mtu mmoja ni ufunguo wa mchoyo. Tukamwona mzee wa watu ana wasiwasi wa kupindukia.

Sasa nije kwenye ajali. Unayoijua wewe ni ile aliyokusimulia Msahau na ambayo mimi niliitikia pembeni ya simu. Kwamba alikuwa anasafisha mashine ya kukunja bati, ile yenye magogo matatu ya chuma yanayozunguka, bati likipita katikati linatoka limekuwa mviringo. Kwamba alisahau kuweka kufuli. Kwamba mimi nilirudi kutoka kula, nikakuta swichi haina kitu, nikawasha, na mkono wake ulikuwa ndani. Bati lenyewe lilikuwa la mradi wetu. Hatukukwambia kwa sababu tulitaka kukushtukiza: tulikuwa tunakuundia mashine ya kuchemshia vyombo, ndogo, isiyohitaji umeme, ya kuwekwa juu ya jiko lolote. Mhadhiri aliipenda. Mchana ule alikuwa anakuja kuikagua.

Kamati ya usalama ya chuo ilikaa. Ikaona kosa ni la aliyetia mkono bila kufuli, ikamsimamisha Msahau masomo na kuamua arudi nyumbani mwisho wa mwezi huu. Mimi nilipewa pole. Mama mmoja wa kamati alinishika bega na kuniambia nisijitese, niliwasha mashine ambayo kila dalili ilionyesha ni salama. Nilimshukuru.

Kisha ukaja ujumbe wako wa sauti. Uliutuma kwangu asubuhi, nikiwa nimepiga goti kamba mkononi, na kwa kuwa Msahau alitaka kusikia sauti ya mama yake niliucheza kwa nguvu. Ulisema nisijilaumu. Ulisema mdogo wangu ni mzembe tangu utoto na wewe unalijua hilo kuliko kamati. Ukasema umeshafua mashuka ya kitanda chake, na kwamba utakwenda kumpokea mwenyewe, na ukamalizia, “Asante, mwanangu, kwa kumtunza. Ningekuwa na wasiwasi kama usingekuwepo.” Msahau alitazama dirishani. Mimi niliendelea kufunga kiatu kile kile, nikakifungua, nikakifunga tena, mpaka akaniambia kwa upole kwamba inatosha.

Shangazi, siku ile Msahau hakusahau.

Kufuli lilikuwepo. Lilikuwa jekundu kwenye swichi, na picha yake ikinitazama. Nililifungua mimi.

Utauliza ufunguo niliupata wapi. Wiki ya pili tu ya karakana alipoteza wa kwake, Baba Kufuli akalazimika kupasua lakiri ampe wa akiba, akamwonya kwamba akirudia atatolewa karakana. Nami, mkubwa mwenye akili zilizotulia, nilimchukua mpaka kwa mchonga funguo aliye karibu na dobi, tukachongesha wa ziada, nikautia kwenye shada langu la funguo pamoja na wa chumba. Hakuna aliyetutuma. Nilijiona nimetimiza wosia wako. Njiani nilikuwa napiga mluzi.

Siku ya ajali nilirudi mbio kwa sababu ya mhadhiri. Nikaliona kufuli, damu ikanichemka. Nikasema huyu ameshakwenda kula na kuliacha hapa, kama alivyoacha koti, kama alivyoacha miwani. Niliita jina lake mara moja. Pampu ya upepo ilikuwa inanguruma, sikusikia jibu, na kuizunguka mashine ni mwendo wa kutoka kitandani kwako mpaka dirishani. Sikuizunguka. Nilitoa ufunguo wangu nikafungua, nikawasha. Ukelele wake sitauandika hapa.

Nilizima papo hapo. Nilimtoa, nikamviringisha mkono kwa skafu yangu. Na katikati ya hayo yote, Shangazi, lile kufuli nililokuwa nimelishika nililitia mfukoni mwa koti. Sijui nikueleze vipi. Kichwa changu kilikuwa kwa mdogo wangu, lakini mkono wangu tayari ulikuwa unanificha mimi. Naye aliona. Alikuwa amekaa sakafuni, midomo imemkauka, akaona.

Baba Kufuli alipofika akauliza kufuli liko wapi, nilifungua mdomo. Msahau akanitangulia akasema alisahau kuliweka. Kila mtu aliamini mara moja. Nani asiyemjua Msahau? Hata wewe uliyemzaa uliamini.

Hospitalini nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, “Mama alileta wawili. Nikirudi mimi, atabaki na mmoja. Ukisema kweli, tutarudi wote, na ile mashine yake ataisubiri mpaka kiama.” Akataka niape kwamba sitasema. Nikaapa. Sikusitasita, sikubembelezwa, niliapa kama mtu aliyekuwa anangoja kuombwa. Ile swichi niliiwasha kwa ujinga, na ujinga una msamaha wake. Ila kiapo kile nilikila nikiwa na akili zangu zote, na nilipotoka wodini nilihisi mwepesi. Nilikwenda kantini nikala. Nimeona haya kwa mengi maishani, Shangazi, lakini sijawahi kuona haya ya kushindwa kujitazama wakati wa kunyoa ndevu.

Siku nilipoucheza ujumbe wako sikwenda darasani. Nilikwenda karakana. Baba Kufuli alikuwa anapanga tindo zake, nikaliweka kufuli la Msahau mezani na ule ufunguo wa kuchongesha juu yake. Hakufoka. Alivaa miwani akautazama ufunguo, akautazama sana, akaniuliza kama yule kijana ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo, tumelelewa na mama mmoja. Akasema basi twende, akafunga karakana mchana kweupe, akanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye kamati. Yule mama aliyenishika bega alikuwepo. Safari hii alikuwa anaandika tu.

Msahau alipojua, alinijia juu. Aliniambia nimemtupia kidole chake shimoni, kwamba alikitoa kwa faida na mimi nimekifanya hasara. Kisha akatoka. Jioni alirudi na viatu vipya vya kutumbukiza, visivyo na kamba, akavipanga chini ya kitanda bila kunitazama. Asubuhi yake, hata hivyo, alivaa vile vya zamani, akakaa ukingoni mwa kitanda akaninyooshea mguu. Nilimfunga.

Kamati imeamua, na uamuzi ni wa haki. Msahau ameonywa kwa uwongo wake na kwa ufunguo ule, lakini masomo anaendelea nayo. Mradi wa mashine yako amekabidhiwa yeye, na Baba Kufuli amejitolea kumshikia bati pale mkono wake usipoweza. Mimi nimefukuzwa. Ruhusa yangu ya kukaa hapa imekwenda na masomo.

Kwa hiyo ile siku ya mwisho wa mwezi uliyoombea ruhusa kazini, usibadilishe. Ndege ni ile ile. Atakayeshuka ni mimi. Mashuka uliyofua ni ya mtu ambaye haji, na sitayalalia; nitatandika sebuleni mpaka utakaponiambia vingine. Sikuombi uje kunipokea kwa furaha. Njoo na hasira zako zote, njoo kimya ukipenda, usinishike begi. Lakini kama magoti yataruhusu, naomba uje, kwa sababu nikikosa kukuona pale mlangoni sitajua nielekee wapi.

Nisalimie wauguzi wenzako wote, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akituita wahandisi wako wawili. Mwambie amebaki mmoja, na ni yule bora. Wasalimie majirani, na yeyote atakayeuliza, mweleze kweli. Nimechoka kubebewa uwongo. Msahau anakusalimu. Ameingia sasa hivi, amesimama nyuma yangu anasoma, na amesema niongeze kwamba viatu vya kutumbukiza vinambana.

Barua zangu zote nimekuwa nikizimaliza kwa kusaini mwanao. Leo mkono umekataa. Nasaini kile ambacho hakuna awezaye kuninyang'anya, na lile jina lingine ukiona nalistahili utanirudishia mwenyewe.

Wako,
Mtoto wa kaka yako.