Mama Anahesabu Usiku

Jumatatu, 2 Juni
Baridi kali. Nimemwogesha Mama, nimemnywesha uji wa ulezi, nimeegesha simu juu ya debe la mahindi ambapo mtandao unashika. Somo la Kijerumani. Usiku kwao ni Nacht, usiku mwema ni gute Nacht, ile ch inakwaruza koo. Nikasema "gute nakti". Darasa zima likacheka kwenye simu. Kumbe nakti kwao ni uchi. Nimewatakia wenzangu uchi mwema. Muuguzi mzima. Na bila kufaulu mtihani wa tarehe ishirini na tano, kazi ya hospitali huko Ujerumani siipati.

Jumatano, 4 Juni
Mama ameuliza tena, "Usiku ngapi mpaka uende?" Tangu apatwe na kiharusi anachanganya maneno. Nikamrekebisha: siku, Mama, siku. Akanitazama kwa upande wa uso ulio mzima. "Usiku." Nimemkaripia. Najuta. Nimechoka pia.

Ijumaa, 6 Juni
Mwalimu ametueleza ukoo wa lile neno. Mjerumani na Mholanzi, nacht. Mswidi, natt. Mwaisilandi, nótt. Mwingereza, night. Tumbo moja, wametawanyika. Hata Warumi na Wagiriki wa kale walikuwa na ndugu yake. Mwingereza aliiacha ile sauti ya koo, akabaki na gh asiyoitamka, kama jina la marehemu ambalo hakuna aliyelifuta kwenye daftari la jumuiya.
Tena, wahenga wa Wajerumani na Waingereza walihesabu usiku, si mchana. Mpaka leo Mwingereza wiki mbili anaziita usiku kumi na nne.
Nikaandika siku. Chini yake nikaandika usiku. Miaka thelathini na minne nasema maneno haya na sijawahi kuyaona yanavyofanana.
Mama hakukosea. Mchana ana majirani. Usiku ana mimi tu.

Alhamisi, 12 Juni
Nafanya mazoezi jikoni. Nakti. Nakti. Mara sauti ya Mama kutoka kitandani: Nacht. Safi kabisa. Koo lake bovu limetoa kile ninachokitafuta siku ya kumi na moja leo. Nikacheka. Kisha nikatoka nje, nikalia kwenye upepo.
Niliporudi akanifundisha. "Fanya kama umekwamwa na mwiba wa samaki, wa mgebuka."

Jumatano, 25 Juni
Dar es Salaam. Miguu imevimba kwa safari ya basi. Jirani amekubali kulala kwa Mama mpaka nirudi. Mtihani umekwisha. Nacht ilitoka vizuri, kwa sauti ya Mama. Sikufurahi.

Jumapili, 13 Julai
Nimefaulu. Wenzangu wa kwaya wamenipongeza baada ya misa. Mama mdogo amekubali kuja kutoka kijijini Mwazye kumtunza dada yake. Amekubali haraka. Nilitaka akatae, nipate sababu ya kubaki.

Jumamosi, 19 Julai
Mkataba umefika. Miaka mitatu. Naondoka mwezi ujao.
Nimemwambia Mama. Safari hii hakuuliza nitaenda lini. Aliuliza atalala usiku ngapi mpaka nirudi.
Hesabu hiyo ni rahisi. Nimeipiga kichwani mara moja: zaidi ya elfu. Na yeye ni muuguzi wa mwili wake mwenyewe, anajua amebakiza usiku ngapi.
Nikamfunika blanketi mpaka mabegani. Nikasema gute Nacht. Ikatoka nakti.
Mama akatikisa kichwa. Akaisema yeye, polepole, nimsikie.
Nikarudia.