Nafasi Uliyoniachia Darasani

Dada yangu mpenzi,

Umejilaza chumba cha pili hapa Uyole baada ya chakula cha mchana, lakini nakuandikia kama mtu aliye mbali, maana ninayemtafuta simpati hata nikikuita.

Mama alipofariki kule Ilula ulikuwa darasa la nne, mimi sijaanza hata la kwanza. Baba akasema mmoja wetu abaki nyumbani. Ukavua sare yako, ukaipunguza kwa sindano, ukanivalisha. "Nenda wewe. Mimi kusoma najua tayari," ukasema. Hukuwa unajua vizuri. Ukashika ndoo ya nyanya, ukawa unakimbilia mabasi barabarani kuuza mpaka nikamaliza chuo cha ualimu.

Mwaka juzi ulianza kuuliza jambo moja mara nne. Ukabandika sufuria tupu motoni. Daktari aliniuliza umesoma hadi darasa la ngapi, nami nikamuuliza shule inahusikaje. Akaeleza kwamba waliokosa elimu utotoni wako kwenye hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, kwa kuwa masomo huuwekea ubongo akiba. "Si sababu pekee," akasema. "Kuna presha, kuna umri. Hata maprofesa wanaugua." Nilimsikia vizuri. Lakini njia nzima nilijiona nimekalia dawati lako.

Ndiyo maana niliacha kazi kabla ya kustaafu. Na geti nalifunga kwa sababu mara mbili umetoka na ndoo, ukasimama kati ya malori ukidhani uko Ilula. Ufunguo nauvaa shingoni. Unagonga geti, unaniambia, "Mama, nifungulie, mdogo wangu hajala." Nakujibu mdogo wako ni mimi. Unanicheka.

Wanangu wanataka tutafute mtu wa kunisaidia. Nakataa, naona nikimpa mtu mwingine kazi hii nitakuwa nimekutupa. Halafu nakukasirikia. Nasema moyoni, laiti ungebaki shuleni ukaniacha na ujinga wangu. Kisha naona aibu, nakuja kukuchana nywele.

Jana ulinikuta nalia jikoni. Ukanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chako, ukatazama mlango, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekufungia humu?"

Nikaugusa ufunguo shingoni.

Pumzika, dada. Nipo.

Mdogo wako